Programu ya duka kwa mkataba: mwongozo kamili kwa mtengeneza programu wa kujitegemea

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kuandika programu na sasa anataka kuifanya kazi hiyo kwa mkataba, bila mwajiri. Tumechagua kazi moja na kuifuata mwanzo hadi mwisho: programu ya mauzo na stoo kwa duka la vifaa vya ujenzi nchini Kenya, lenye kaunta mbili, wafanyakazi watano, na malipo yanayoingia kwa fedha taslimu, kwa M-Pesa na kwa daftari la madeni. Sheria na kodi zinazotajwa ni za Kenya. Aliye Tanzania au Uganda atabadilisha jina la mamlaka ya mapato na mtandao wa malipo, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule.

Kuna kanuni moja inayoamua mambo mengi humu. Siku utakapougua, kuhama au kupata ajira, duka liendelee kuuza. Programu inayomfunga mteja kwa mtu mmoja ni kazi mbovu, hata msimbo wake uwe safi kiasi gani.

Kaa kaunta kabla ya kutaja bei

Omba siku mbili za kukaa dukani, moja katikati ya wiki na nyingine Jumamosi yenye pilikapilika. Zilipishwe kama kazi nyingine yoyote, na mkitaka mkubaliane zikatwe kwenye bei ya mwisho. Usije na kompyuta. Njoo na daftari, kalamu, na simu ya kupigia picha risiti kumi za siku tofauti na kurasa kadhaa za daftari la madeni, huku majina ya wadaiwa yamefunikwa.

Sikiliza bidhaa zinavyoitwa. Karani akisema "nondo ya kumi na mbili" anataja unene wa milimita 12, hataji idadi. Ukitengeneza sehemu ya kutafuta bidhaa isiyojua jina hilo, karani ataacha kuitumia wiki ya kwanza. Andika kila jina la mtaani kando ya jina la kwenye ankara ya msambazaji, kisha uyaweke yote mawili kwenye programu.

Maswali yafuatayo ndiyo yenye kuleta gharama yakisahaulika. Nani anaruhusiwa kupunguza bei, na kwa kiasi gani? Mzigo ukirudishwa, fedha zinarudi au zinabaki kama salio la mteja? Mwenye duka akichukua fedha kutoka kwenye droo, anaandika wapi? Umeme ukikatika mnauzaje? Na kuna lile linalowaponyoka wengi: fundi analipia mifuko 40 ya saruji, anabeba 10, na 30 zinabaki stoo hadi Jumatano. Programu inayodhani kwamba kilicholipiwa kimetoka itaonyesha stoo yenye upungufu wa mifuko 30 ambayo iko pale pale sakafuni, na mwenye duka hataiamini tena ripoti yoyote. Mauzo na utoaji wa mzigo ni matukio mawili. Yatenganishe tangu siku ya kwanza ya usanifu.

Ukurasa mmoja unaosomeka na mwenye duka

Hadidu za kazi ziingie kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida. Juu andika watu wa duka watakachoweza kufanya, kila kimoja kwa sentensi inayoweza kujaribiwa: "Karani anauza kwa fedha taslimu na kutoa risiti chini ya dakika moja." "Mwenye duka anaona kila jioni jumla ya taslimu, M-Pesa na mkopo kwa kila karani." Usiandike "mfumo wa kisasa ulio rahisi kutumia", kwa sababu hakuna awezaye kusema siku gani jambo hilo limekamilika.

Chini andika yasiyokuwemo. Sehemu hii ndiyo itakayokuokoa. Kwa duka hili: hakuna mishahara, hakuna duka la mtandaoni, hakuna programu ya simu, hakuna tawi la pili. Mteja akiomba jambo jipya katikati ya kazi, usikatae na usikubali papo hapo. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima na kwa namba:

"Shikamoo mzee. Ile ripoti ya madereva haikuwemo kwenye ukurasa tuliotia sahihi. Inahitaji siku mbili za kazi, yaani shilingi 22,000, na tarehe ya kumaliza itasogea kwa siku hizo mbili. Ukiridhia nijibu hapa niiongeze, ama tuiweke kwa awamu ya pili."

Mara nyingi jibu huwa ni awamu ya pili, na urafiki unabaki.

Bei ya siku na bei ya kazi

Anza na bei ya siku yako, na uitafute kwa hesabu. Kuuliza wenzako wanatoza ngapi hakukuonyeshi wewe unahitaji ngapi. Mwaka una siku 365. Toa 104 za mwisho wa wiki na kama 25 za sikukuu, ugonjwa na mapumziko, zinabaki 236. Katika hizo, zinazolipwa na mteja ni kama sita kwa kila kumi. Nyingine huliwa na kutafuta kazi, kuandika makadirio, kufuatilia ankara, kusoma na kurekebisha vifaa. Hesabu siku 140.

Sasa jumlisha mahitaji ya mwaka. Mfano: matumizi ya nyumbani 960,000, vifaa, umeme na intaneti 180,000, bima ya afya na akiba 180,000, kodi ya mapato 180,000. Jumla 1,500,000. Gawanya kwa 140, unapata 10,714. Tuchukue 11,000 kwa siku. Anayegawanya kwa 236, au mbaya zaidi kwa 365, anajikuta Septemba akifanya kazi usiku na bado hajalipa kodi ya nyumba.

Kukadiria kazi yenyewe, ivunje vipande visivyozidi siku moja. Kipande kinachosema "stoo: siku tano" hakijafikiriwa bado. "Kuingiza mzigo wa msambazaji: siku moja, kurekebisha hesabu baada ya kuhesabu stoo: nusu siku" hicho kimefikiriwa. Ukipata siku 18, ongeza asilimia 30 kwa yasiyotarajiwa: 23.4, yaani siku 24. Bei ni 264,000. Nyongeza hiyo haina haja ya kufichwa. Mweleze mteja kwamba printa ya risiti inaweza kugoma na kwamba orodha yake ya bidhaa huenda ikawa na majina yaliyojirudia.

Igawe 40, 40 na 20: 105,600 kabla ya kuanza, 105,600 mauzo ya kwanza ya kweli yakishafanyika kwenye kaunta, na 52,800 siku ya makabidhiano. Wengi huacha asilimia 50 mwishoni kisha huihangaikia miezi mitatu. Sehemu ya mwisho ndiyo huchelewa kuliko zote, basi iwe ndogo kuliko zote. Kianzio kisipoingia, kazi haianzi, hata kwa jamaa.

Ankara itolewe kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Kenya. Tangu Januari 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya kielektroniki ya mfumo huo haikubaliki kupunguza kodi ya mfanyabiashara, kwa hiyo mteja makini ataidai hata usipompa. Mteja anayewajibika kukata kodi ya zuio atakata asilimia 5 ya ada ya kitaalamu kwa mkazi: kwenye 105,600 ni 5,280. Fedha hizo hazijapotea. Dai cheti chake na uzihesabu kama kodi uliyokwisha kulipa utakapowasilisha taarifa ya mwaka.

Mkataba: kifungu kimoja kinachosahaulika

Mkataba wa kurasa mbili unatosha: kazi ni ipi, bei na awamu, tarehe, namna ya kuongeza kazi, siri za biashara, namna ya kuvunja mkataba, na miezi mitatu ya kurekebisha kasoro bila malipo. Kasoro ni programu kutofanya kile kilichoandikwa kwenye ule ukurasa mmoja. Kisichoandikwa huko ni kazi mpya.

Kifungu cha umiliki kipewe nafasi yake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba usipoandika chochote, hata maktaba ndogo ya kuchapa risiti uliyoizoea na kuibeba kutoka kazi hadi kazi inaweza kuwa mali ya duka mara tu ukiiboresha ndani ya kazi hii. Andika hivi: kila kilichotengenezwa kwa ajili ya duka ni cha duka baada ya malipo ya mwisho, vipande vya jumla vilivyoorodheshwa kwenye kiambatisho vinabaki vya mtengenezaji, na duka lina haki ya kuvitumia na kuvibadilisha milele bila malipo zaidi. Wote wawili mnalindwa.

Maktaba za programu huria ulizotumia ziorodheshwe na leseni zake. Leseni za MIT na BSD zinakutaka ubakishe tangazo la hakimiliki. GPL inataka anayepewa programu apewe pia msimbo chanzo, jambo ambalo hapa halina shida yoyote kwa sababu unampa mteja msimbo wote.

Akaunti zote kwa jina la mteja

Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, mfungulie mwenye duka barua pepe ya biashara ambayo nenosiri lake analo yeye. Kwa barua pepe hiyo fungua domeni ya .co.ke, seva ya kukodi, hazina ya Git (inayotunza msimbo na historia yake) na akaunti ya Daraja, lango la Safaricom la M-Pesa. Wewe uingizwe kama mgeni mwenye ruhusa. Malipo ya domeni na seva yatoke kwa M-Pesa au kadi ya duka. Mtengeneza programu akilipia kwa kadi yake "kurahisisha mambo", miaka miwili baadaye kadi inaisha muda, tovuti inazimika, na ujumbe wa onyo umekwenda kwa mtu aliyekwisha kuhama.

Manenosiri na funguo za siri visiingie kwenye Git hata siku moja. Git hutunza historia: ukiifuta faili leo, nenosiri bado linasomeka kwenye toleo la jana. Likishaingia, dawa ni kulibadilisha nenosiri lenyewe.

Kujenga: njia nyembamba kwanza

Jenga njia nzima ya tukio moja kabla ya kupamba chochote. Karani anachagua mfuko mmoja wa saruji, anapokea taslimu, risiti inachapwa, stoo inapungua, ripoti ya jioni inaonyesha. Njia hiyo iwe inafanya kazi mwisho wa wiki ya kwanza, ikiwa mbaya wa sura. Ukianza na ukurasa wa kuingilia wenye nembo nzuri, utagundua siku ya ishirini kwamba printa haikubaliani na kompyuta ya kaunta.

Mahali pa kuweka programu panahitaji uamuzi. Ukiiweka yote kwenye wingu, intaneti ikikatika kaunta inasimama. Kwa duka la aina hii tunapendekeza kompyuta ndogo ndani ya ofisi ya duka, yenye RAM ya GB 8, diski ya SSD na UPS (betri ya akiba) ya VA 650, ikiendesha hifadhidata ya PostgreSQL. Kaunta zote mbili ziifikie kwa waya, wala si kwa Wi-Fi. Seva ndogo kwenye wingu iwe na kazi mbili tu: kupokea taarifa za M-Pesa na kutunza nakala rudufu. Kompyuta ya dukani ndiyo inayokwenda kuchukua taarifa huko, hivyo hakuna mlango wa duka ulioachwa wazi kwa dunia nzima. PostgreSQL huhimili umeme kukatika ghafla ilimradi `fsync`, mpangilio unaohakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski, haijazimwa. Kuna ushauri unaozunguka wa kuizima ili kuongeza kasi. Duka halina haja ya kasi hiyo, na lina haja kubwa ya kutopoteza mauzo ya jioni.

Fedha ziwekwe kama namba kamili, kwa senti. Usitumie namba za desimali za kawaida za kompyuta: jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye JavaScript au Python, utapata 0.30000000000000004. Kosa ni dogo, lakini linaonekana kwenye jumla ya mwezi, na mwenye duka atakuuliza shilingi moja imekwenda wapi.

Vipimo ndivyo vinavyotesa zaidi kwenye hadiwea. Misumari hununuliwa kwa katoni, huuzwa kwa kilo, robo na hata "ya shilingi hamsini". Nyaya hununuliwa kwa roli na huuzwa kwa mita. Kila bidhaa iwe na kipimo chake kidogo kabisa kwenye hifadhidata: gramu kwa misumari, sentimita kwa nyaya, kipande kwa makufuli. Vipimo vya kuuzia viwe jedwali la kando lenye idadi ya vipimo vidogo na bei yake. Saruji ni bidhaa mbili: mfuko mzima, na saruji ya kupima kwa kilo. Karani anapofungua mfuko, programu iandike tukio la kufungua: mfuko mmoja umetoka, gramu 50,000 zimeingia. Hapo utaona pia upungufu wa kawaida wa kumwagika, kwa sababu mfuko mmoja hautatoa kilo 50 kamili za kuuza.

Usitunze idadi ya stoo kama namba moja inayoandikwa upya kila mara. Tunza matukio: kuingia, kutoka, kurudishwa, kuharibika, kurekebishwa baada ya kuhesabu, kila moja na muda, karani na sababu. Idadi iliyopo ni jumla ya matukio. Siku mabati matatu yakikosekana, utaweza kurudi nyuma na kuona palipoanzia tofauti. Ukiwa na namba moja tu, kilichobaki ni watu kutuhumiana.

Namba za risiti nazo zina mtego. Kihesabu cha kawaida cha PostgreSQL huacha pengo kila muamala unapofutwa katikati. Ni tabia yake, haina ubaya kiufundi. Ila mwenye duka akiona risiti 1041 ikifuatwa na 1043 atadhani karani ameiba. Tumia safu moja ya jedwali inayofungwa ndani ya muamala ule ule, na namba ziende bila pengo.

Saa nazo ziangaliwe. Seva nyingi za kukodi huwa kwenye UTC, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Ripoti ya "leo" ikikatwa kwa UTC itaanza saa tisa za usiku wetu. Mauzo ya mchana hayataonyesha tofauti, kwa hiyo kosa linaweza kukaa miezi. Tunza muda kwa UTC, kata siku kwa `Africa/Nairobi`. Na mteja akitaka ripoti "saa mbili usiku", weka 20:00.

M-Pesa kupitia Daraja

Daraja ni lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa. Utahitaji Consumer Key, Consumer Secret, Passkey, na namba ya Paybill au Till. Anza kwenye mazingira ya majaribio kwa namba 174379. Ombi la kuingia mazingira ya kweli lifanywe mapema na mwenye duka, kwa kuwa linahitaji msimamizi wa akaunti ya biashara na haliko mikononi mwako.

1. Omba tokeni, yaani kibali cha muda cha kutumia Daraja. Inaishi sekunde 3,599. Ihifadhi na uombe nyingine baada ya dakika 50. Usiombe mpya kwa kila muuzo.
2. Safisha namba ya simu iwe 254 na tarakimu tisa. Kubali 0712, +254712 na 254712, na usisahau namba zinazoanza na 011. Programu nyingi bado zinakataa kila kisichoanza na 07.
3. Tengeneza muda kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, bila alama kati yake. Nenosiri ni namba ya biashara, Passkey na muda huo vikiunganishwa na kugeuzwa kwa Base64. Muda ulio ndani ya nenosiri na ule unaotumwa kando lazima uwe mmoja. Ukiita saa ya kompyuta mara mbili, sekunde inaweza kupita katikati na ombi likakataliwa, mara moja moja, bila mpangilio unaoeleweka.
4. Tuma ombi la malipo litakalotokea kwenye simu ya mnunuzi, kiasi kikiwa shilingi kamili. Kwa Till, aina ya muamala ni `CustomerBuyGoodsOnline`, na namba ya Till huwekwa kwenye `PartyB` huku namba ya biashara ikibaki kwenye `BusinessShortCode`. Kuzichanganya hizi mbili ndilo kosa linalojitokeza sana kwa wenye Till.
5. Hifadhi `CheckoutRequestID` na uweke muuzo katika hali ya "inasubiri".

Jibu la kwanza linapokuja na `ResponseCode` 0, hakuna aliyelipa. Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa na simu ya mteja itaulizwa PIN. Malipo yanathibitishwa na taarifa ya pili, ile inayotumwa kwenye anwani uliyoiweka kwenye `CallBackURL`, ikiwa na `ResultCode` 0 na namba ya risiti ya M-Pesa. Ukiona 1032, mteja ameghairi. 1037, simu haikupatikana au muda umekwisha. 1, salio halitoshi. 2001, PIN imekosewa. Mwonyeshe karani maneno hayo kwa Kiswahili. Namba tupu haimsaidii mbele ya mteja anayesubiri.

Taarifa ya pili isipofika ndani ya sekunde 60, uliza hali ya muamala kwa `CheckoutRequestID`. Sababu za kutofika huwa chache: cheti cha HTTPS kimeisha muda, seva imezimika, au ukuta wa ulinzi unaizuia. Inaweza pia kufika mara mbili, kwa hiyo namba ya risiti ya M-Pesa iwekewe sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata. Na kwa kuwa anayeijua anwani hiyo anaweza kutuma taarifa ya uongo, ifanye iwe ngumu kukisia, linganisha kiasi na ulichoomba, na uthibitishe kwa swali la hali kabla ya kuruhusu mzigo mkubwa utoke.

Waeleze makarani waziwazi: ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi si malipo. Ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja. Mzigo utoke pale skrini ya kaunta inaposema imelipwa. Jioni, pakua taarifa ya M-Pesa ya biashara na uilinganishe na mauzo. Tofauti zitokee kwenye orodha fupi yenye majina ya makarani na saa.

Nakala rudufu, na kuirejesha

Kila usiku saa nane, `pg_dump`, amri ya PostgreSQL ya kunakili, itoe nakala ya hifadhidata, ifungwe kwa ufunguo, ibaki moja dukani na moja ipande kwenye wingu. Tunza za siku 14 za karibuni na ya kila mwisho wa mwezi kwa miezi 12. Mara moja kwa mwezi mwenye duka achomoe diski ya nje aende nayo nyumbani. Wizi na moto huchukua kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake.

Nakala isiyowahi kurejeshwa haihesabiwi. Kabla ya makabidhiano, chukua kompyuta nyingine, rejesha nakala ya jana, na ulinganishe mambo matatu: idadi ya mauzo, jumla ya madeni, na stoo ya bidhaa tano. Andika ilichukua dakika ngapi. Weka pia ujumbe wa kila asubuhi kwa simu ya mwenye duka unaotaja ukubwa wa nakala ya usiku. Ukubwa ukishuka ghafla au ujumbe usipokuja, atauliza.

Daftari la madeni lina majina, simu na hali ya fedha za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inalihusu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kutokusanya usichohitaji: duka halina kazi na namba ya kitambulisho ya mtu anayenunua rangi lita nne.

Kuhama kutoka kwenye daftari

Hesabuni stoo Jumapili, duka likiwa limefungwa, watu wawili wawili: mmoja anahesabu, mwingine anaandika. Namba hizo ndizo mwanzo. Usichukue namba za kwenye vitabu. Wiki mbili za kwanza daftari na programu viende pamoja. Kila jioni linganisha jumla. Tofauti ya siku za mwanzo karibu daima inatokana na mauzo yaliyoandikwa upande mmoja tu, kwa haraka ya saa za asubuhi. Kaa kaunta siku tatu za kwanza, simama nyuma ya karani, na usishike kipanya. Anaposita, andika aliposita. Orodha hiyo ya masito ina thamani kuliko maoni yote ya kikao.

Makabidhiano

Andika faili moja ya maelekezo kwa mtengeneza programu atakayekuja, na karatasi moja iliyowekwa plastiki kwa watu wa duka: printa ikigoma, intaneti ikikatika, kompyuta isipowaka, M-Pesa isipojibu, na simu ya kupiga kwa kila tatizo. Kisha mpe mwenzako asiyeijua kazi hii ile faili pekee, bila maelezo ya mdomo, aisimamishe programu kwenye kompyuta tupu. Mlipe nusu siku. Kila anapokwama ni mstari unaokosekana. Akimaliza bila kukupigia simu, maelekezo yamekamilika.

Siku ya makabidhiano mwenye duka aingie kwenye kila akaunti mbele yako kwa nenosiri lake, kisha muondoe ruhusa zako zote isipokuwa zile za mkataba wa matunzo. Pitieni ule ukurasa mmoja sentensi kwa sentensi, kila moja ijaribiwe na itiwe alama. Hapo ndipo 52,800 inalipwa.

Matunzo, na siku zisizo na mteja

Mkataba wa matunzo uwe wa mwezi, wenye saa zilizotajwa. Kwa duka hili nusu siku kwa mwezi, shilingi 5,500, inatosha kuweka masahihisho ya usalama ya mfumo, kuangalia cheti cha HTTPS na nafasi ya diski, na kurejesha nakala moja kila robo mwaka. Saa zisizotumika zisirundikane. Zikirundikana, Desemba utadaiwa wiki nzima. Taja pia muda wa kujibu: duka likishindwa kuuza kabisa, ndani ya saa mbili za kazi; ripoti ikiwa na kosa, kesho yake. Baada ya saa kumi na mbili jioni, yale ya dharura peke yake.

Zile siku 96 zisizolipwa (236 kutoa 140) zipangwe, la sivyo zitajazwa na kazi za bure. Tenga asubuhi moja kwa wiki ya kurudisha kitu kwenye programu huria unazozitegemea. Kazi hii moja inasimama juu ya Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, na juu ya PostgreSQL, na zote mbili hukuzilipia. Huna haja ya kuanza na makubwa. Umekuta kosa kwenye maktaba ya printa? Tengeneza mfano mdogo kabisa unaolionyesha, andika toleo na hatua, utume pamoja na sahihisho. Umehangaika nusu siku na maelezo yenye utata? Yaandike upya, na kwa Kiswahili pia. Likikubaliwa, kwenye kazi ijayo hutabeba kiraka chako mwenyewe, na mteja mpya ataweza kusoma msimbo wako hadharani kabla ya kukupigia simu.